Mashine Haikulala

Nilikuwa nimeshashuka ngazi nusu, begi begani, ufunguo wa karakana nimeuacha chini ya kopo la rangi kama tulivyokubaliana na mdogo wangu, nilipokutana na mke wa Dalali akipanda na kompyuta mikononi. Alikuwa ameifunga kwenye shuka la kitanda, fundo juu, kama mtu anayehama nyumba. Nyuma yake alikuja mumewe, kibodi kwapani na skafu shingoni, na nyuma yao mtoto wao wa miaka minne, ambaye nyumbani walimwita Bosi.

Ngazi zile ni nyembamba. Ama mimi nirudi juu, ama wao warudi chini. Nikarudi juu mimi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na basi langu lilikuwa la saa nane mchana.

Mimi watu waliniita Kiguu, wakimaanisha kiguu na njia, na hawakunionea. Nimekaa miji tisa. Shule niliisoma vipande vipande, darasa moja hapa, nusu darasa kule, na ufundi nao niliuokota hivyo hivyo, kwa fundi redio mmoja, kwa karani mmoja aliyependa kufungua mashine za ofisi, na kwa kuharibu vya kwangu. Kwa mdogo wangu, katika karakana yake ya kutengeneza kompyuta juu ya duka la vitambaa, nilikuwa nimekaa miezi kumi na minne. Kwangu hiyo ilikuwa rekodi. Miguu ikaanza kuniwasha. Nilimwambia wiki moja kabla, akaguna tu, akasema nisisahau soksi zangu kwenye kamba kama safari iliyopita. Asubuhi hiyo aliondoka mapema kwenda shule moja kutengeneza mashine kumi na mbili, na aliichukua mashine yetu ya kazi, ile tunayotumia kuokolea vitu vya wateja. Tuliagana mlangoni bila mbwembwe.

Sasa Dalali. Alikuwa dalali wa mnada wa vyombo vya nyumbani, na sauti yake ilikuwa inasikika kutoka sokoni mpaka stendi. Alikuwa na uwezo wa kukunadia kiti chenye miguu mitatu ukaondoka nacho unacheka. Kisha koo likaugua. Madaktari walimwambia kisanduku cha sauti kinaondolewa chote, hakuna namna, wakampa wiki mbili za kujiandaa. Watu wengine wangekwenda kuaga ndugu. Yeye alikaa mbele ya kompyuta siku kumi na moja, akarekodi. Maneno ya kila siku, moja moja. Karibu. Hapana. Funga mlango. Nani kachukua miwani yangu. Aliita kila mtu wa nyumbani kwa jina analomwita yeye. Jumla vilikuwa vipande mia tatu na kumi na viwili. Mkewe akachora vijipicha vidogo, akavibandika juu ya vitufe vya kibodi: kikombe, mlango, kiatu, kitanda. Dalali alipobonyeza kitufe, sauti yake ilitoka kwenye spika. Ukibonyeza kitanda ilisema: "Lala, Bosi wangu. Baba yupo hapa hapa."

Hiyo kompyuta ndiyo ilikuwa mdomo wake nyumbani, na tangu Ijumaa ilikuwa bubu. Kwanza ilikuwa inaganda, skrini inapiga mistari, wanaizima na kuiwasha. Ijumaa ikakataa kabisa. Mdogo wangu alikuwa ameshaikagua kwao wiki iliyotangulia, akaagiza vifaa, akawaambia waje Jumanne. Ile ilikuwa Jumatatu.

"Tumeambiwa kesho, mzee, najua," mkewe alisema. "Lakini mtoto huyu hajalala kitandani siku tatu. Anakaa mbele ya hii mashine anabonyeza kitanda. Mimi nikimwambia lala, ananiambia wewe siyo baba."

Dalali aliweka kibodi mezani, akatoa kile kibao chake cha chaki, cha watoto wa shule, anachotembea nacho siku zote. Aliliangalia begi langu, akaandika, akanigeuzia. Unakimbia mke gani tena?

Nikamjibu kwamba ningekuwa na mke ningekuwa nimetulia. Akacheka. Kicheko chake siku hizo kilikuwa mabega tu, mabega yanapanda na kushuka bila mlio, na pumzi inapita kwenye tundu la shingoni chini ya skafu.

Nilitakiwa niwaambie: iacheni, kesho fundi mwenyewe yupo. Hilo tu. Lakini nilikuwa naondoka, na nilitamani kuondoka nimeacha jambo zuri nyuma yangu, jambo la mtu kusema hata yule Kiguu, siku ya mwisho, alitufaa. Nikawaambia warudi saa saba.

Walipotoka niliifungua. Ndani ya kompyuta kuna ubao mkubwa unaobeba kila kitu, mafundi tunauita mazabodi, na juu ya ule wa Dalali nikaona vikopo vinne vidogo vya kutunza umeme vimevimba vichwa kama maandazi. Nikasema nimempata mwizi. Ubao wa namna hiyo lazima uigandishe mashine. Mwizi akishapatikana mtu hatafuti wa pili, na mimi sikutafuta.

Kwenye rafu kulikuwa na boksi ambalo mdogo wangu ameliandaa. Mazabodi mpya, diski mpya, na vijiti viwili vipya vya ram. Ram ndiyo kumbukumbu ya papo kwa papo ya mashine, vijiti virefu kama rula fupi, vinachomekwa kwenye mazabodi. Kila kitu kinachoingia au kutoka kinapita hapo kwanza. Ni kama mpokea mizigo mlangoni: akiwa na mkono mbovu, mzigo unaingia ndani umevunjika na mwenye nyumba hana habari. Juu ya boksi mdogo wangu alikuwa amebandika karatasi, kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima:

Ram mpya zimo. Za zamani zisirudi. Mashine ilale. Diski isiguswe mpaka mashine iamke.

Kulala, katika karakana yetu, ni hivi. Mashine ikishaundwa upya, haipewi mteja wala haipewi kazi. Inawekewa programu ndogo ya kuipima ram, inaandika na kusoma, inaandika na kusoma, usiku kucha peke yake. Asubuhi ukikuta skrini safi, imeamka salama. Ukikuta mistari myekundu, kuna kitu kinaumwa. Hiyo sheria aliileta yeye kutoka chuoni. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nawasha, naisikiliza, basi.

Na hapa niseme ukweli wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha yule msichana kushika bisibisi, akiwa na miaka tisa, amekaa juu ya ndoo. Baadaye akaenda chuo akanipita mbali, na nilifurahi, nilijisifu kwa watu. Lakini kuandikiwa karatasi kama kibarua kulinichoma kidogo. Za zamani zisirudi. Kwa nini zisirudi? Nilivitoa vile vijiti viwili vya zamani, nikavitazama kwenye mwanga wa dirisha. Havikuwa na kasoro. Mazabodi mpya ilikuwa inavipokea, tundu lile lile, aina ile ile. Mimi sipendi kitu kizima kitupwe kwa sababu tu kimekuwa kizee. Nikachukua kifutio cha penseli, nikasugua meno yao ya shaba mpaka yakang'aa, kama nilivyofundishwa na yule fundi redio, nikavichomeka. Vile vipya nikaviacha kwenye boksi, nikajiambia mdogo wangu atamfaa navyo mteja mwingine.

Nikawasha. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi, ambao kwa fundi ni kama mtoto kulia akizaliwa. Skrini ikaja angavu. Saa tano kasoro.

Ikabaki diski ya zamani, yenye sauti zote. Ilikuwa diski ya kizee, inagonga ndani, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Fundi yeyote akisikia kugonga huko anajua inaweza kukupa safari moja tu ya kusoma, halafu basi. Kwa hiyo nilizikusanya sauti zote mia tatu na kumi na mbili kwenye furushi moja lililobanwa, ili diski isihangaike kwenda na kurudi, nikalipitisha furushi kwenye diski mpya. Lilipita kwenye zile ram. Ilichukua saa moja na nusu. Diski ya zamani iligonga mara nyingi mfululizo pale mwisho, ikanyamaza, na sikuiwasha tena. Nikaona bahati iliyoje, tumewahi.

Saa saba kamili wakafika. Nikaanza kulifungua furushi mbele yao. Kipande cha kwanza kikatoka, nikakicheza. Sauti ya Dalali ikaijaza karakana: "Kiti hiki kina miguu minne, hesabuni wenyewe!" Bosi akapiga makofi. Cha pili kikatoka, safi. Cha tatu, safi. Vilivyobaki vilikuwa vinakuja kimoja kimoja, na saa ilikuwa inakwenda. Nikamwambia mkewe akifika nyumbani aiwashe, aiache imalizie kufungua, wasiiguse, jioni kila kitu kitakuwa mahali pake.

Dalali alinishika mkono kwa mikono yake miwili.  Nikabeba begi langu, nikaliwahi basi.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, tumesimama kwenye stendi moja ya njiani watu wachimbe dawa, yaani wajisaidie, na kununua maji, simu ya mdogo wangu ikaingia. Hakunisalimu.

"Kaka, ulitumia ram zipi?"

Nikamwambia. Nikaanza na habari ya vikopo vilivyovimba, akanikatiza.

"Ulilaza mashine?"

"Ningeilaza saa ngapi, mdogo wangu, na basi ni saa nane?"

 Nilisikia magari yakipita nyuma yake. Kisha akasema yupo kwa Dalali, kwamba furushi lilifunguka mpaka kipande cha arobaini na moja, likagoma. Amejaribu njia zote anazozijua. Furushi lililobanwa liko hivyo, likiharibika katikati, kilichotangulia kinatoka na kinachofuata hakitoki. Akaniuliza diski ya zamani nimeiweka wapi. Nikamwambia droo ya pili. Akakata.

Nilimwomba utingo anishushie begi langu. Akaniuliza mzee umesahau nini.  Katika maisha yangu nimeondoka mara nyingi, lakini kurudi nilikotoka siku ile ile, sijawahi. Nililala kwenye benchi la stendi ile, na asubuhi nikapanda gari la kurudi.

Nilimkuta mdogo wangu mezani, macho mekundu. Mashine ya Dalali alikuwa nayo, ameipima. Kijiti kimoja cha ram kilikuwa kizima, cha pili kilijaza skrini mistari myekundu juu mpaka chini. Kumbe kuganda kote kule kulitoka kwenye kijiti hicho pia, siyo mazabodi peke yake. Mdogo wangu alilishuku hilo tangu mwanzo, ndiyo maana akaandika ile karatasi. Diski ya zamani aliifungulia umeme mara tatu. Haikugonga hata mara moja.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikuwa anasukumasukuma kifutio mezani kwa kidole, kwenda na kurudi.

"Nimewaambia diski ilikufa," alisema. "Na kweli ilikufa. Hii ndiyo riziki yangu, kaka. Usiende kule ukaongeza neno."

Nikamwambia sawa. Na nilikusudia iwe sawa. Nilichukua mashine nikampelekea Dalali, nikijua nitaiweka, nitatoa pole kama mtu yeyote anavyotoa pole, nitatoka.

Nyumba yao ni vyumba viwili, na meza ya kompyuta iko kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumbani. Nilichomeka nyaya. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Dalali alikaa kitako kwenye kochi, mikono magotini, ananitazama. Nilipowasha, Bosi akaja mbio, akapanda kiti, akabonyeza kitanda. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Akabonyeza kikombe, mlango, kiatu. Kimya.

Vile arobaini na moja vilivyobaki vilikuwa vya siku ya kwanza ya kurekodi. Siku ile, mkewe alimweleza mdogo wangu baadaye, Dalali alikuwa bado hajui aseme nini. Aliona haya kuongea na mashine. Basi akafanya anachokijua, akanadi. Alinadi vitanda, sufuria, pasi, redio. Katikati yake kulikuwa na vikohozi, na "taa imewaka?" na "inasikika?" Maneno ya nyumbani yalianza siku ya pili.

Bosi akapata kitufe kinachofanya kazi. Mama yake alikuwa ameweka kimoja cha utani, chenye picha ya nyundo. "Mara ya kwanza, mara ya pili, imekwenda!" Akacheka. Akabonyeza tena. Imekwenda. Tena. Imekwenda. Baba yake akainuka, akamtoa kidole pale taratibu, akamshusha kwenye kiti. Mtoto akamtazama mama yake.

"Baba amenikasirikia?"

Mama yake akasema hapana, baba koo linamuuma. Yule mtoto akauliza, koo la kwenye kompyuta au la kwenye shingo.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia Dalali diski haikufa tu. Nikamweleza yote, karatasi ya mdogo wangu, vijiti vya zamani, kifutio, basi la saa nane. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele. Nikasema mdogo wangu hana kosa, aliandika na mimi nilisoma.

 Mkewe alikuwa ameshika shati la mumewe, mkono mmoja umeshakunjwa na mwingine unaning'inia.

"Mzee," alisema, "ungeniachia ile diski iliyokufa yenyewe. Ile haikuwa na mtu wa kumchukia."

Nikasema nisamehe, mama.  Akamaliza kulikunja lile shati, akaliweka juu ya mengine, akamchukua mtoto akaingia naye chumbani.

Dalali alichukua kibao chake. Aliandika polepole, chaki ikalia. Ulisikiliza mangapi?

Nikamwambia matatu. Yale matatu ya mwanzo, tuliyoyasikia pamoja.

Akatikisa kichwa. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Ya siku ya tisa yalikuwa mazuri.

Alikiacha kibao magotini ili niendelee kusoma.  Baadaye akainuka, akanifungulia mlango. Hakunisukuma. Aliufungua tu, akasubiri nipite.

Sikupanda basi. Mdogo wangu nilimwambia kwamba nimeshasema. Akaniangalia, akasema alijua nitasema, akaendelea na kazi. Kwa wiki mbili hakunipa mashine ya kutengeneza, nami sikuomba. Nikatembea. Nilikwenda sokoni, nikamwendea kila mtu aliyewahi kufanya biashara na Dalali, nikauliza kama ana sauti yake kwenye simu. Walinicheka kwanza. Mwuza mikeka akaniuliza nimeanza lini kazi ya upelelezi. Wengi hawakuwa na kitu. Watatu walikuwa na picha za video za siku za mnada, na kwenye zote tatu Dalali alikuwa ananadi. Yule mwenye sauti iliyosikika mpaka stendi, hakuna aliyefikiria kumrekodi akisema jambo dogo.

Siku ya kumi na saba nikampata fundi viatu mmoja ambaye hafuti ujumbe kwenye simu yake kwa sababu hajui unafutwaje. Alikuwa na ujumbe wa sauti wa mwaka mmoja nyuma, sekunde tisa. Dalali alikuwa anapita barabarani, honi zinasikika. "Fundi, vile viatu vya Bosi vikiwa tayari nistue, asije akaenda pekupeku harusini." Basi.

Niliusikiliza nimesimama pale kwenye harufu ya gundi na vipande vya ngozi. Nikamwomba anitumie. Mdogo wangu aliukata ule ujumbe, akajaribu kutoa honi, akalitenga neno moja, Bosi. Alikaa nalo nusu siku kwenye mashine. Kisha akaenda mwenyewe kuliweka, nami nikamfuata nyuma nimebeba mkoba wake wa vifaa. Mkewe Dalali alitufungulia. Alimsalimia mdogo wangu. Mimi aliniacha nipite.

Aliliweka kwenye kitufe cha kitanda, kwa kuwa ndicho mtoto anachokipenda. Dalali akabonyeza yeye. "Bosi." Sauti ilitoka fupi, imekatwa pande zote mbili, lakini ilikuwa yenyewe, ya kawaida, ya mtu anayetembea zake. Mtoto alikuwa uani. Tulisikia kitu kikianguka, kisha miguu ikikimbia, akatokea mlangoni anahema. Akamtazama baba yake. Dalali akafungua mikono, akamkumbatia.

Mdogo wangu alilia ndani ya gari wakati wa kurudi. Mimi nikadhani tumerudisha kitu.

Ilidumu kama wiki tatu. Mkewe ndiye aliyemwambia mdogo wangu. Mwanzoni Bosi alikuwa akiitwa anakuja mbio kila mara. Anaitwa, anakuja, anasimama mbele ya baba yake, anangoja. Na hakuna kilichofuata. Hakuna njoo ule, hakuna umefanya nini leo, hakuna lala. Ni jina tu. Baba yake anaandika kwenye kibao, lakini mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Basi akawa anakuja anatembea. Baadaye akawa anajibu "naam" kutoka huko huko aliko. Mwisho akawa haitiki. Dalali mwenyewe akaubandua ule mchoro wa kitanda kwenye kitufe, akakaa nao mkononi, akautia mfukoni.

Nilimwendea mara kadhaa baada ya hapo, mchana, mkewe akiwa kazini. Hakunikataza. Tulikaa uani. Aliandika utani kwenye kibao, nami nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ulivyostahili, akanikunjia uso kwa hilo. Siku moja nilimwuliza siku ya tisa alirekodi nini. Alishika chaki muda mrefu. Aliandika kwamba siku ile mtoto alikuwa na homa, amelala mapajani mwake, na yeye aliacha mashine iwake akaongea tu, mambo yoyote, saa nzima. Hakumbuki alisema nini. Ndiyo maana aliyarekodi, aliandika, ili asilazimike kukumbuka.

Alikifuta kibao haraka, kabla sijamaliza kusoma mstari wa mwisho vizuri. Lakini nilikuwa nimeshausoma.

Dalali aliishi miaka miwili na miezi mitatu tangu siku ile. Ugonjwa ulirudi kwenye pafu. Alifia hospitalini asubuhi, mkewe akiwa ametoka kumnunulia maji. Kompyuta ile ilikuwa haijawashwa zaidi ya mwaka. Mkewe alihamia kwa dada yake mkubwa, akafungua duka la kushona sare za shule, na hajaniongelesha tangu siku ya mazishi, ambapo alinipa mkono. Bosi sasa yuko darasa la sita na anapenda hesabu. Ukimwuliza sauti ya baba yake anaigiza kunadi vizuri sana, watu wanacheka. Maneno mengine hayakumbuki. Fundi viatu alibadilisha simu. Mdogo wangu bado ana karakana, amehamia chini barabarani, ana mafundi wawili na hakuna anayefanya kazi bila sahihi yake. Mimi niliondoka mwezi mmoja baada ya mazishi, kwa basi la asubuhi, na mdogo wangu alinisindikiza. Nimehama mara mbili tangu hapo. Sitengenezi kompyuta. Nalinda ghala la mbao, na jioni nikitoka naenda kulala.